Picha Nne za Bibi

Kitenge kipya kina harufu yake. Wanaoishi mbali na mpaka huenda hawaijui, lakini sisi tuliolelewa na mama anayeuza vitenge Tunduma tunaitambua hata tukifumba macho: nta, rangi, na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali. Juzi, siku ya kuanua matanga ya mama, nilifungua sanduku lake la bati ili tugawe nguo, harufu hiyo ikanipiga usoni. Chini kabisa, chini ya mashuka na nguo za kanisani, kulikuwa na kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kimekunjwa kwenye mikunjo yake ileile ya dukani. Kitenge hicho kimevaliwa mara moja tu, tena kwa muda usiofika nusu saa. Nilikaa sakafuni nikakiweka mapajani, na wanawake niliokuwa nao chumbani wakadhani ninamlilia mama.

Kweli nilikuwa ninamlilia mama. Lakini nilikuwa ninalia na aibu pia, na aibu hiyo nimeibeba tangu nina miaka tisa, sikumwambia mtu.

Wakati ule nilikuwa naishi Iyula kwa Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa kwenye biashara yake Tunduma, amepanga chumba kimoja karibu na mpaka, na alikuja kutuona Jumapili mojamoja akiwa na sukari, sabuni na maneno ya Kibemba aliyoyaokota sokoni. "Mukwai!" alisalimia tangu kwenye kona ya migomba, na Bibi alianza kucheka kabla hata hajamwona. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mama mdogo Damari, mdogo wake mama, ambaye alikuwa hajaolewa na hakuonekana kuwa na haraka.

Mama mdogo Damari alikuwa karani wa mzani. Msimu wa kahawa alisimama pale kwenye mtambo wa kumenyea, akipima ndoo na magunia ya watu na kuandika kilo za kila mkulima, na ilijulikana kijiji kizima kwamba Damari hakosei hata nusu kilo. Waliowahi kugombana na makarani wengine walipanga foleni kwake, hata kama foleni ilikuwa ndefu. Msimu ukiisha alikuwa mpiga picha. Kamera aliletewa na mama, aliyeinunua kwa mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anauza vitu vyake vyote. Ilikuwa kamera nyeusi, nzito, ya mkanda, na mfuko wake wa ngozi ulinuka jasho la mtu tusiyemjua. Kwa kamera hiyo Damari alipiga ubatizo, kipaimara, harusi, na watoto waliovishwa viatu vya kuazima.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita. Ukiisha, alimpa mama aupeleke studio Tunduma ukasafishwe, na picha zilirudi baada ya wiki mbili zikiwa ndani ya bahasha ya njano. Kila picha aliyopiga aliiandika kwenye daftari: namba yake, ni ya nani, na siku. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Ukarani ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Nyota iliyoleta yote haya tuliiona wakati wa palizi ya mahindi, kahawa ikiwa bado ni punje za kijani na vichanja vya kuanikia viko vitupu. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa na jioni zilikuwa safi. Jua lilikuwa limezama punde tu. Nilitumwa kuleta kuni, nikageuka kuangalia kilima, nikaziangusha. Juu ya kilima palikuwa na nyota moja, na kutoka kwenye nyota hiyo mkia mrefu mweupe ulipanda angani ukajipinda kidogo upande, kama unga uliomwagika mezani mtu akaupangusa kwa kiganja.

Nilipiga kelele. Bibi akatoka, Damari akatoka, na jirani yetu Mama Tabu akaja mbio akiwa na mwiko mkononi.

"Hii haiji bure," alisema Mama Tabu. "Hii ni nyota ya mkia. Mara ya mwisho ilipokuja watu walikula magome."

"Mara ya mwisho ilipokuja wewe ulikuwa hujazaliwa," alimjibu Bibi. "Hayo magome ulikula na nani?"

Tukacheka wote, na Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Miezi hiyo kila kicheko chake kiliishia kwenye kikohozi. Mimi nilikuwa nimekizoea, kama ulivyozoea mlango unaolia.

Damari hakucheka. Alikuwa amesimama ameshika mikono kifuani, machozi yanamtoka, na anatabasamu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia kwa furaha, kwa hiyo nilijua tu kwamba jambo kubwa limetokea na sikujua ni zuri au baya. Kisha akakimbia ndani kuchukua kamera.

Kwenye kamera kulikuwa na mkanda ambao nusu yake na zaidi ilikuwa harusi ya watu. Zilibaki picha kumi na sita. Kumi na mbili alisema zitakuwa za nyota. Nne ni za Bibi, na hizo haziguswi.

Habari ya hizo nne ilikuwa na historia yake. Bibi alikuwa hapigwi picha. Maisha yake yote alikuwa amepigwa moja tu, ya kadi ya mpiga kura, na aliichukia. "Imenitoa kama mwizi wa kuku," alisema. Binti zake walimbembeleza miaka na miaka. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba mama amletee kitenge kipya kutoka Tunduma, kisichowahi kuvaliwa na mtu wala kufuliwa. Mama akaahidi kukileta Jumapili ya pili kutoka hapo. Damari alikwishapanga kila kitu kwenye daftari: moja Bibi akiwa amesimama, moja amekaa, moja na binti zake wawili, moja na mimi.

Jioni zilizofuata zilikuwa za nyota. Damari aliifunga kamera kwenye kichanja kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaielekeza kilimani, akaweka jiwe chini ya lenzi ili iinuke kidogo. Alikuwa na waya mwembamba wa kubofyea, ambao aliubana taratibu ili kamera isitikisike. Kamera ilifungua jicho lake, tka, na ikakaa wazi mpaka auachie ule waya. Muda aliupima kwa njia ya mzani. "Kilo moja, kilo mbili, kilo tatu," alihesabu kwa sauti moja isiyoharakisha, maana alishajipima na saa ya ukutani akagundua kila kilo yake ni sekunde moja kamili. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu pamoja naye na kuwafukuza mbuzi wasikiguse kichanja.

"Kwa nini tunaiachia muda mrefu hivyo?" nilimuuliza.

"Kwa sababu mwanga wake ni mdogo. Ukifungua na kufunga haraka, hauingii. Ukivumilia, unaingia wote."

Baadaye, tukiwa tunaota moto, aliniambia mambo mengine ambayo alikuwa ameyasikia redioni. Kwamba ile ni donge la barafu na vumbi linalozunguka jua. Kwamba mkia wake haufuati nyuma kama mkia wa ng'ombe, bali unalikimbia jua, kwa hiyo nyota inapoachana na jua mkia wake hutangulia mbele. Nilimsikiliza kwa heshima na sikuamini hata neno moja. Barafu niliijua, ilikuwa ile inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni Tunduma, na haikai angani.

Nilichoamini ni kingine. Muda mfupi kabla ya hapo shule yetu ilikuwa imetupeleka kuona Kimondo. Watoto wa Mbozi hatuna haja ya kuhadithiwa kwamba vitu huanguka kutoka mbinguni, tumeviwekea mikono. Nilikuwa nimelishika lile jiwe, la chuma, baridi, kubwa kuliko jiko la Bibi, na mwalimu alikuwa ametuambia hakuna aliyeliona likianguka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama lile halikuonwa likija, basi hili la sasa, ambalo kijiji kizima kinaliona, linataka kuanguka wapi? Nilisimama kwenye mibuni nikapima kwa macho. Kutoka pale nyota ilikuwa juu ya paa la Bibi barabara.

Halafu nikaanza kuona jambo. Kila jioni mkia ulikuwa unapungua. Juma la pili ulikuwa hauzidi kiganja changu nikinyoosha mkono. Nilimuuliza Damari umeenda wapi.

Alikuwa anafuta lenzi kwa pindo la gauni lake. Akacheka, akaigonga kamera kwa kidole. "Si umo humu? Tumeuingiza kidogokidogo."

Ulikuwa utani. Mtu mzima yeyote angeujua kuwa ni utani. Mimi niliubeba nikaenda nao kitandani, nikauweka pamoja na jiwe la Kimondo na paa la Bibi, na kabla ya kulala nilikuwa na hesabu iliyokamilika. Kila picha inachukua sehemu ya nyota. Picha zikitosha, nyota itakwisha, na kitu kilichokwisha hakiangukii mtu.

Wiki hiyo Bibi alizidiwa. Kifua kilimbana, akawa analala ameegemea mito, na Mama Tabu alipokuja kumwona alitoka nje akasema kwa sauti ndogo, si ndogo ya kutosha, kwamba nyota kama ile huja kuchukua wazee. Damari akamwambia akome. Bibi aliyasikia kutoka ndani akasema hayuko tayari kuchukuliwa kabla hajavaa kitenge chake. Watu wazima wakacheka tena. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatazama juu. Nyota bado ilikuwapo, ndogo, hafifu, na ule mkia wa kiganja. Na zile picha kumi na mbili za Damari zilikuwa zimekwisha.

Ilikuwa Jumamosi jioni, siku moja kabla mama hajaja. Damari alikwenda mazoezi ya kwaya. Bibi alikuwa amesinzia. Niliitoa kamera kwenye msumari, nikatoka nayo mpaka kwenye kichanja, nikaifunga kwa mipira kama nilivyoona ikifungwa. Waya wa kubofyea sikuujua unavyofungwa, kwa hiyo nilitumia kidole gumba. Nilibana. Tka. Kilo moja, kilo mbili, kilo tatu. Nilihesabu mpaka thelathini, kidole kinauma, nikaachia. Nikavuta kile chuma cha kusogeza mkanda, nikabana tena. Mara nne. Baada ya picha ya nne chuma kikagoma, na mimi nikajua kamera imeshiba.

Kumbukeni, sikuwa nimesahau kwamba hizo nne ni za Bibi. Huo ndio ukweli ninaotaka kuuandika bila kuupaka mafuta. Nilijua. Nilisema moyoni, afadhali Bibi awepo bila picha kuliko picha iwepo bila Bibi. Kwa mtoto wa miaka tisa ilikuwa hoja nzuri sana, na usiku ule mawingu yalipotanda na mvua ikarudi, nikatoka nje nisione nyota yoyote, nililala kama mtu aliyeokoa nyumba. Kesho yake haikuonekana. Haikuonekana tena kabisa.

Jumapili mama akaja. "Mukwai!" kwenye kona ya migomba. Kitenge kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, bluu, maua ya njano, na mama alikifungua mbele ya Bibi taratibu. Bibi alikinusa kwanza. Akaoga kwa maji ya moto, akavalishwa, kingine kidogo cha rangi hiyohiyo akafungwa kichwani. Alitoka nje kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti karibu na kichanja, akashika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Mvua ilikuwa imepumzika. Alikuwa amependeza, na ninaandika hivi kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo imeandikwa.

"Haya, mpiga picha," alisema. "Nitoe kama mke wa mtu, siyo kama yule wa kadi."

Damari akainua kamera. Akavuta chuma cha kusogeza mkanda. Hakikwenda. Akavuta tena, kisha akaishusha, akaangalia kile kidirisha kidogo chenye namba. Akakiangalia muda mrefu. Halafu akainua macho akanitazama mimi, moja kwa moja, na mimi nikawatazama kuku.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Mkanda umeisha."

"Umeisha vipi? Si ulisema umembakizia mama nne?"

Sekunde kadhaa zilipita. Kwa hesabu ya Damari zingekuwa kilo tano hivi.

"Nimekosea kuhesabu," alisema.

Kwa nini mama aliamini, sijui. Damari hakuwa mtu wa kukosea kuhesabu. Lakini mama alikuwa ameamka alfajiri, amesafiri na kitenge mapajani, na hasira ilimfika kabla ya akili. "Wewe na manyota yako!" alisema. "Kamera nimekununulia mimi, Damari. Mama amekaa pale, na wewe umemaliza mkanda kwa manyota!"

"Basi, basi," Bibi alisema. "Mtagombana kwa ajili ya sura yangu? Leteni mkanda Jumapili ijayo. Sura haiendi popote." Akaingia ndani, akavua kitenge, akakikunja kwenye mikunjo yake ileile ili kikae kipya, akampa mama amtunzie mpaka siku hiyo.

Alhamisi alifariki.

Huku kwetu jeneza huwekewa picha ya marehemu, kwenye fremu, na mtu huibeba mbele kwenda makaburini. Kuibeba ni heshima, hupewa mjukuu. Ya Bibi haikuwapo. Mama aliipeleka kadi ya mpiga kura studio wakaikuza, ikatoka kivuli chenye kitambaa kichwani, huwezi kusema ni mwanamke au ni mwanamume. Mama akaitazama akaichana. Mimi nilibeba msalaba wenye jina tu.

Baada ya mazishi, jikoni, wanawake wakiwa wanaosha vyombo, mama alimgeukia mdogo wake. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige.

"Nyota umezipiga picha kumi na sita. Mama yako hata moja."

Damari alikuwa ameinama kwenye beseni. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani mikononi, hatua tatu kutoka kwao, na maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa machache: ni mimi, mama. Niliyasikia kabisa kichwani kwa sauti yangu. Nikaweka sahani chini, nikaenda nje. Sikuogopa fimbo. Niliogopa mama atanitazama kama alivyokuwa anamtazama Damari.

Arobaini ilipokwisha mama alinichukua nikaishi naye Tunduma. Msimu uliofuata tulisikia kwamba Damari ameacha mzani. Mtu mmoja alikuwa amebishia kilo zake, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na alipojitetea yule mtu akamwambia mbele ya foleni nzima: "Wewe si ndiye uliyeshindwa kuhesabu picha nne za mama yako?" Damari aliweka kalamu mezani akaondoka. Picha pia hakupiga tena. Alilima kahawa yake na mahindi yake, na yeye na dada yake walikutana misibani tu, wakipeana mikono kama watu wa vijiji tofauti. Mama akitaja jina lake alisema "yule wa nyota", na mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilicheka pamoja naye.

Miaka imepita, nimesoma, nimejua kwamba Damari alisema kweli kuhusu barafu na vumbi na mkia unaolikimbia jua. Hivi karibuni ilipokuja nyingine na watu wakaanza kurushiana picha zake kwenye simu, mimi nilizifuta kila zilipoingia. Jioni moja mama akanipigia kutoka Tunduma. Alikuwa nje, nilisikia malori yakiunguruma kwenye foleni ya mpakani.

"Aneth, umeiona?" aliniuliza. "Ile nyota ya Damari imerudi."

Hakusema kwa kejeli. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyemkumbuka mtu. Kisha akangoja, kama vile angependa nimwambie kitu chochote kuhusu mdogo wake. Hapo mlango ulikuwa wazi wenyewe, sikuhitaji hata kubisha. Nilisema mtandao unasumbua, nitampigia kesho. Kesho yake tukaongea habari za bei ya vitenge. Baada ya miezi michache presha ikamchukua.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Juzi nilisimama na kile kitenge nikatoka nje. Damari alikuwa amekuja matangani tangu asubuhi, lakini hakuingia ndani. Alikuwa nyuma, kwenye mafiga, anapika na wapishi, kama mtu aliyeitwa kusaidia. Nywele zake zimekuwa nyeupe mbele. Nilimwomba tusogee kando, mpaka kwenye ukuta ambapo magunia ya mkaa yamepangwa. Akakiona kitenge kabla sijafungua mdomo.

"Hicho nakijua," alisema.

"Mama mdogo, zile picha nne..."

"Ulihesabu mpaka kilo ngapi?"

"Thelathini," nilisema. "Kila moja."

"Kwa mkono au kwa waya?"

"Kwa mkono."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana zilitetemeka. Nilikwenda kuusafisha mwenyewe Vwawa ule mkanda. Zako zilitoka mistarimistari, kama mtu ameandika gizani." Karibu atabasamu. "Nilidhani ulitaka tu kuchezea kamera."

Nikamweleza yote: Kimondo, paa la Bibi, utani wake siku ile anafuta lenzi, kwamba nilitaka kuimaliza nyota isimwangukie Bibi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye utani wake alifumba macho kidogo.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Ungesema tu, siku ileile."

"Ulikuwa mtoto, na bibi yako alikuwa amekaa pale anatuangalia. Nikasema, atakua, atasema mwenyewe."

Nikamweleza pia habari ya simu, jinsi mama alivyosema nyota ya Damari imerudi. Akaniangalia haraka.

"Alisema hivyo? Nyota ya Damari?"

"Ndiyo."

"Kwa hasira?"

"Hapana. Alisema vizuri tu. Kama amekukumbuka."

Akageuza uso kuelekea mafigani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akasingizia moshi, ingawa moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine. Mimi nilipiga magoti. Nilimwomba anisamehe, nikarudia na kurudia.

"Inuka, utachafua gauni," alisema. Alichukua kitenge kutoka mikononi mwangu, akakinusa, akakinyoosha kwenye mkunjo mmoja uliokuwa umelegea, akanirudishia. "Mimi sina la kukusamehe, Aneth. Mimi nilikuwa najua siku zote. Aliyekuwa hajui ni dada, mama yako."

Akarudi kwenye sufuria lake. Nilibaki pale ukutani na kitenge mikononi, na ndani wanawake walikuwa wananiita niende kusema nguo za mama zilizobaki apewe nani.